Namba za Baba za Jumamosi

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hasira hazijanifanya nisahau malezi. Hujambo? Mgongo uliokuwa unakusumbua umepoa? Wifi naye hajambo, bado anaendelea na masomo yake ya jioni? Nasikia kijana wako mkubwa ameanza kunyoa ndevu. Mwambie nimecheka peke yangu dukani mpaka wateja wakaniangalia.

Huku watoto wangu ni wazima, shemeji yako anakwenda kazini kama kawaida, nami ni mzima wa mwili. Habari za Baba na Shangazi nitakueleza polepole, maana hizo ndizo zilizonikalisha chini kuandika. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu unajua kunikatiza. Nikifika kwenye kiini cha maneno, mara mtandao mbaya, mara bosi anakuita. Karatasi haina mtandao, Kaka. Utaisoma mpaka mwisho.

Nimekukasirikia. Naliandika hilo waziwazi usije ukadhani natania. Nimekukasirikia kwa zile picha za namba unazomtumia Baba kwenye simu kila Ijumaa, zilizopakwa rangi: nyekundu kwa namba zinazotoka sana kwenye bahati nasibu, bluu kwa zilizolala, njano kwa zile unazoziita zilizochelewa.

Najua zilianzaje. Baada ya kumzika Mama, Baba alikuwa akikaa barazani kutwa, hasemi, chakula anakichokonoa tu, anaangalia lango kama mtu aliyeagiza kitu hakijafika. Akaanza kununua tiketi moja kila wiki, ya kujifurahisha, namba anazichukua kwenye siku zetu za kuzaliwa. Wewe ukamwambia, nami nilikuwepo, simu ilikuwa kwenye spika: "Baba, usibahatishe tu. Chukua matokeo ya nyuma uyachambue. Kila namba ina tabia yake. Hesabu hazidanganyi."

Mzee alichangamka uso siku ile kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilikushukuru moyoni, nisikufiche.

Lakini ulisahau unaongea na nani. Ulikuwa unaongea na msoma mita za maji aliyestaafu. Maisha yake yote Baba amesoma namba zenye sababu. Mita imesogea kwa kuwa mtu amefungua bomba. Imesogea kupita kiasi, basi pana mahali panavuja, na yeye alikuwa anapekua ukuta na bustani mpaka apaone. Kwake namba ikionyesha kitu, kitu kipo. Ndivyo alivyotulisha, ndivyo alivyokusomesha wewe hadi ukawa mhasibu. Sasa wewe ukampa namba zisizo na bomba lolote nyuma yake, ukamwambia atafute panapovuja.

Na akatafuta. Alianza na karatasi chache mezani. Baadaye akageuza kalenda za zamani, akachora mistari kwa rula upande mweupe, akazibandika ukutani sebuleni. Ukuta ukajaa. Picha ya Mama, ile aliyovaa gauni la maua, akaihamishia kwenye korido karibu na mlango wa choo. Nilipouliza akasema pale sebuleni ndipo penye mwanga mzuri wa kusomea.

Sikujua jambo limefika wapi mpaka siku moja seremala wa pale kona alipoingia dukani kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Dada, nitolee nakala ishirini hivi," akaniambia. "Watu wameniagiza."

"Za nini?"

"Za Mzee Mita. Wewe hujui? Kesho droo, watu wanazisubiri."

Nikaikunjua. Zile tarakimu za saba zenye kimstari katikati nimezijua tangu shule ya msingi, alipokuwa akinisahihisha hesabu. Baba yangu mwenyewe, mtaa mzima unamtolea nakala kwenye mashine yangu, mimi ndiye wa mwisho kujua.

Kumbe alikuwa amewapatia watu. Msusi wa saluni ya jirani alicheza namba alizopewa na Baba, nne zikatoka, akapata pesa ya kununulia kiti kipya cha saluni. Basi. Kuanzia hapo kila Ijumaa jioni baraza letu likawa kama zahanati: mabenchi yamejaa, watu wanasubiri zamu zao, Baba kakaa katikati na miwani puani, anaeleza zipi za moto, zipi za baridi, ipi hupenda kutoka na ipi. Wale mamia waliocheza namba za Baba wakakosa hakuna aliyewataja. Msusi tu ndiye aliyetajwa, na kile kiti chake.

Hebu nimtendee haki Baba kwenye jambo moja. Hakuchukua hata senti kwa mtu. Ukimpa chochote anafura. Alikuwa anawaambia, "Elimu ya mwanangu haiuzwi barazani." Ya mwanangu, yaani ya kwako. Wewe umekuwa shahidi wake. Mtu akiuliza swali gumu, Baba anajibu kwamba mwanawe aliyesomea mahesabu, anayeishi mbali kule, ndiye anayezitayarisha, na maswali yanaishia hapo.

Kisha ikaja ile kumi na saba.

Ulimtumia ikiwa na rangi ya njano, ukaandika pembeni kwamba haijatoka kwa muda mrefu kuliko zote. Baba akaikamata kama mtu aliyeona maji yanachuruzika chini ya mlango. Kila Jumamosi ilipokosa kutoka, badala ya kukata tamaa alizidi kuwa na hakika. "Sasa ndiyo imekaribia zaidi," anasema. Nilimwambia, "Baba, kama ikikosa ni dalili, na ikitoka ni dalili, utajuaje siku umekosea?" Akanijibu kwa upole kabisa, kama anayemhurumia mtu, "Wewe ni wa nakala, mwanangu. Mwache kaka yako awe wa hesabu."

Hilo nalo nimelibeba kifuani mpaka leo.

Ikafika Jumamosi waliyokubaliana kuweka pesa pamoja: seremala, msusi, na wengine wa mtaani. Walinunua tiketi nyingi, zote zimejengwa juu ya kumi na saba, nyingine tano zinabadilishwa-badilishwa kulingana na rangi zako. Nilifika jioni kumletea Baba mkate, nikakuta sebule imejaa hadi korido. Shangazi alikuwa amekaa karibu na televisheni, karibu mno, uso umekaribia kugusa kioo. Sikujiuliza kwa nini.

Mashine ikazunguka, mipira ikarukaruka ndani ya kioo, wa kwanza ukashuka. Kumi na saba.

Kaka, sebule ililipuka. Msusi alimkumbatia Baba mpaka miwani ikadondoka. Seremala alipanda juu ya kochi na viatu vyake. Baba alikaa tu, machozi yanamtiririka, anasema, "Niliwaambia. Niliwaambia." Kisha mipira mitano mingine ikashuka mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ukapunguza kelele, mpaka wa mwisho uliposimama ikawa inasikika feni peke yake. Hakuna hata moja waliyoipata. Na namba moja kati ya sita haikupi hata pesa ya kununulia tiketi nyingine.

Seremala akashuka kwenye kochi. "Mzee," akasema, "sasa hiyo kumi na saba yetu tuifanyie nini?"

"Lakini imetoka," Baba akamjibu. "Hesabu imekuwa sahihi. Zilizokosea ni zile nyingine."

Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Seremala mpaka leo akituona anavuka barabara. Msusi yeye bado anakuja kuchukua namba, na sijui nimcheke au nimwonee huruma. Mimi nilidhani Baba ameshapata somo. Wapi. Asubuhi yake alikuwa ameizungushia kumi na saba duara la kalamu nyekundu, kama mwalimu anayempa mtoto vema, na akaanza kumsaka mchelewaji mwingine.

Sasa nije kwa Shangazi, maana hapa ndipo hasira zilipokuwa hasira.

Unajua macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, la kushoto likiwa baya zaidi. Unajua alikuwa akishona mapazia ya watu akiweka akiba ya kufanyiwa upasuaji, na hospitali ilikuwa imeshampangia siku. Siku hiyo ikapita. Aliniambia imeahirishwa na daktari, nami nikaamini, kwa kuwa Shangazi si mtu wa kudanganya.

Wiki chache baada ya ile droo tulikuwa tunakunywa chai, mimi na yeye, chumbani kwake. Akainua birika akamimina pembeni kabisa ya kikombe, chai ya moto ikamwagikia magotini. Hakupiga kelele. Alisema, "Mkono tu umeteleza." Nikawa namfuta, nikaliona pazia la mteja kwenye cherehani: upindo wote ameushona upande wa nje, mshono umepinda kama njia ya konokono. Shangazi yetu, Kaka, ambaye mishono yake ilikuwa inanyooka kuliko rula ya Baba.

Nikamuuliza, "Daktari aliahirisha mpaka lini?"

Akawa anatafuta kifuniko cha birika kwa vidole.

"Hakuahirisha," akasema. "Ile akiba nilimpa kaka yangu. Alisema tukishinda nitafanya macho yote mawili kwa pamoja, kwenye hospitali yenye vitanda vya kupanda na kushuka."

"Na hukuniambia?"

"Ungempigia kelele. Tangu mama yenu aondoke, mimi ndiye niliyebaki wa kumwamini. Ningemwambiaje hapana?"

Nilikupigia siku hiyohiyo. Unakumbuka? Au labda hukumbuki, kwa sababu kwako yalikuwa mazungumzo ya dakika chache ukiwa unaegesha gari. Nilikueleza yote, na ukacheka. Si kicheko cha ubaya, nakujua, ni kile kicheko chako cha kutafuta pa kutokea. Ukasema, "Jamani, mimi nilitaka tu mzee apate cha kumshughulisha. Sikujua analichukulia hivyo." Nikakuuliza, "Wewe mwenyewe unacheza?" Ukajibu haraka bila kufikiri: "Mimi? Thubutu. Ile mipira haina kumbukumbu, kila droo inaanza upya."

Kila droo inaanza upya. Ulikuwa unalijua, Kaka. Uliyasomea hayo darasani, kwa jasho la Baba, na bado ulikuwa unakaa kila Ijumaa unapaka namba rangi na kumtumia. Ungekuwa mjinga kama sisi ningekusamehe papo hapo. Kilichonichoma ni kwamba ulikuwa na ukweli mfukoni, ukampa mzee wako karatasi za kuchezea.

Nikajaribu kumweleza mwenyewe. Nilikusanya vizibo vya soda kwenye mgahawa wa jirani na duka, nikaviandika namba kimoja kimoja, nikavitia kwenye sufuria. Jumapili mchana nikamkalisha Baba mezani. Nikamwambia, "Hivi ni vizibo, Baba. Havina akili, havijui jana kimetoka kipi. Mimi navuta, wewe andika." Tukavuta mpaka mkono ukaniuma. Ikawa kama nilivyotaka: kizibo kimoja kimetoka mara nyingi mpaka inachekesha, kingine hakijatoka hata mara moja.

"Unaona?" nikamwambia. "Hata hapa kuna za moto na za baridi, na hakuna aliyezipanga. Bahati haigawi sawasawa. Kesho tukivuta, zitakuwa nyingine."

Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, kidole kinatembea juu ya mistari. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Nikajua nimempata.

"Mwanangu," akasema, "umenifungua macho. Nne inaifuata kumi na moja karibu kila mara. Hebu tuvute tena."

Kaka, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikaingia jikoni, nikafungua bomba la maji lipige kelele, nikalia.

Niliuza mashine yangu ya pili ya fotokopi, ile kubwa, tukampeleka Shangazi hospitali. Baba naye alikuja, alisisitiza, alimshika dada yake mkono kuanzia mlango wa nyumba hadi kitandani. Daktari, mwanamama mmoja mpole, alimulika macho yote mawili akatuambia bila kuzunguka. La kulia litapona. La kushoto tumechelewa, limeiva mno, presha ya jicho imekwisha kuharibu mshipa wa ndani, halitaona tena. Akauliza kwa nini hakuja siku aliyopangiwa. Mimi nikamtazama Baba. Baba akatazama sakafu. Shangazi ndiye aliyejibu, "Nilikuwa na wageni."

Upasuaji wa jicho la kulia ulikwenda salama. Baadaye tulikuwa tumekaa kwenye benchi la dawa, Shangazi na bandeji yake, watu wengi, mhudumu anaita kwa namba: ishirini na mbili, tisa, thelathini na sita, kila dirisha na foleni yake. Nikaenda mara moja kujaza maji kwenye chupa. Niliporudi nikamkuta Baba ameinama, kalamu mkononi, anaandika kwenye kiganja.

Ishirini na mbili. Tisa. Thelathini na sita.

Nilimshika mkono, nikatia kitambaa maji, nikamsugua kiganja kama anavyosuguliwa mtoto aliyeshika matope, mbele ya benchi zima. Sikumsugua kwa upole. Hakuuvuta mkono. Shangazi akauliza, "Kuna nini hapo?" Nikamwambia hakuna kitu, Baba amejichafua.

Wino ulipotoka, Baba akasema kwa sauti ndogo, haniangalii, "Nikiacha, Jumamosi jioni nitafanya nini?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia siku ile, nimeyapanga njia nzima tangu kwa daktari, makali yote. Yakanikauka. Kwa sababu nilikumbuka Jumamosi jioni zilikuwa nini katika nyumba hii, kabla ya droo. Mama alikuwa anaweka simu katikati ya meza, kwenye spika, anaifuta kioo kwa upande wa nguo. Baba anajifanya anasoma gazeti, lakini kiti ameshakisogeza. Saa moja inafika, simu inalia, ni wewe. Mnaongea habari zisizo na kichwa wala miguu: mvua, bei ya viatu, jirani yako mwenye mbwa. Tangu msiba hujapiga Jumamosi hata moja. Unatuma picha ya namba Ijumaa, halafu kimya hadi Ijumaa nyingine. Saa moja ya Jumamosi uliacha tupu, na mzee wa watu amekaa mbele ya televisheni saa ileile, anasubiri kitu chochote kitoke.

Siombi pesa zako. Mashine nitanunua nyingine. Jicho la Shangazi halinunuliki, na yeye amenikataza nisikulaumu, kwa hiyo nakulaumu kwa siri yetu mimi na wewe.

Ninachotaka ni hiki. Jumamosi ijayo, saa moja ya huku, mpigie Baba. Mwambie kwa kinywa chako kile ulichoniambia mimi ukiwa unaegesha gari, kwamba mipira haina kumbukumbu na kwamba wewe huchezi na hujawahi kucheza. Atakataa kunisikia mimi, wewe atakusikia. Itamuuma. Atanyamaza. Usikate simu anaponyamaza, Kaka, hapo ndipo usikate. Ngoja. Kisha muulize huko kwenu mita za maji zinawekwa wapi ukutani na nani anazisoma, au muulize chochote, mradi ufike saa mbili bado mnaongea. Na Jumamosi itakayofuata, hivyohivyo.

Usipopiga, nitamsomea barua hii. Nimebaki na nakala, unaijua kazi yangu. Sitaruka mstari hata mmoja, na pale uliposema "Thubutu" nitapasoma mara mbili.

Wifi mpe salamu zangu, mwambie kile kitambaa alichotuma, Shangazi amekipapasa kabla ya kukiona, na alijua rangi yake ni nzuri. Watoto wabusu vipajini, hata yule mwenye ndevu. Shangazi anakusalimu sana, anasema ule vizuri. Baba hajui kama naandika. Yuko barazani.

Mungu akulinde katika kazi zako na njia zako, akupe afya, na akupe ujasiri kidogo, maana huo ndio naona umekupungukia.

Ni mimi, niliyekukasirikia na ninayekupenda bado,

Mdogo wako wa duka la nakala.